Muulize Mjomba: Mwizi kaondoka na baiskeli yangu ya resi, sasa ninunue ipi?

Shikamoo Mjomba,

Mimi ni muuguzi, nina miaka 36, naishi Tegeta na kazi yangu iko upande wa Mwenge. Nikiwa na zamu ya asubuhi nakwenda kazini kwa baiskeli, na Jumamosi alfajiri natoka na kikundi chetu. Tunafika Bunju, siku nyingine Mapinga, na tukijisikia tunamalizia Bagamoyo kabla ya kugeuza. Baiskeli yangu ilikuwa ya resi, fremu ya aluminiamu, saizi 56. Niliinunua kwa Mholanzi mmoja aliyekuwa anarudi kwao, mtu mrefu haswa, akaniachia kwa bei ya kuagana.

Mwezi uliopita iliibwa. Nilikuwa nimeifunga kwenye nondo za ngazi kwa ile kufuli ya waya yenye namba, kama kawaida yangu. Asubuhi nikakuta waya umekatwa na umeachwa pale pale. Mlinzi wa jirani anasema alikuwa amekwenda kunywa chai. Nimeripoti kituoni nikapewa RB, lakini askari aliponiuliza namba ya fremu nikabaki namtazama. Sikuwahi kujua kwamba baiskeli ina namba.

Mjomba, nimelia, sikufichi. Ile baiskeli fundi wangu wa Kibaoni aliihangaikia mpaka ikanikubali. Alisogeza siti mbele hadi mwisho wa reli zake, akanitafutia shingo fupi ya usukani, na nilipolalamika kwamba vidole vinakufa ganzi nikikaribia Bunju, akaniongezea utepe mnene kwenye usukani. Jumapili shingo ilikuwa inauma, lakini nilijua mchezo ndivyo ulivyo. Sasa nataka nyingine kama ile ile.

Nina shilingi milioni 1.2 za kwangu. Kikoba chetu kinaweza kunikopesha laki nane nikitaka. Nimezunguka, na nimebakiwa na hizi zifuatazo.

Kuna ya kaboni, mtumba kutoka Ujerumani, saizi 54, gia za Ultegra (daraja la juu la Shimano, watengenezaji wa gia) 11 nyuma, breki za kubana rimu. Muuzaji anataka milioni 1.9 na hapunguzi. Nilimwomba niipeleke kwa fundi wangu akakataa, anasema wateja wapo foleni. Wenzangu wote wa kikundi wananiambia nichukue hiyo, wanasema aluminiamu ni ya kuanzia tu.

Kuna mpya kabisa dukani mjini, ina breki za diski, inang'aa, gia 7 nyuma, saizi wanasema ni moja tu inamfaa kila mtu. Milioni 1.05 na warantii ya miezi sita.

Halafu kuna mtumba wa Japani pale Mwenge kwa laki nane. Aluminiamu, gia za Sora (daraja la chini la Shimano hao hao), 9 nyuma, mbele meno 50 na 34. Imeandikwa 480. Rangi ya kijani imepauka, waya zina kutu, na nilivyoiona nikadhani ni ya mtoto wa sekondari. Niliijaribu nikazunguka nayo uwanjani. Nilikaa vizuri, lakini niliona aibu.

Na juzi kuna mtu kanitumia ujumbe WhatsApp baada ya kuona tangazo langu la wizi. Anasema anayo "kama ile ile" kwa laki nne, tukutane stendi jioni, nije na hela taslimu.

Mume wangu anasema hela hiyo tuweke kwenye pikipiki yaishe. Anasema kila Jumamosi nikitoka saa kumi na moja yeye hapati usingizi tena.

Nina urefu wa sentimita 162. Nisaidie, na usinicheke. Mwisho: nikiipaka rangi ya ajabu ajabu, mwizi hataiogopa?

Niliyebaki na Helmeti,
Tegeta

*

Marahaba, mpwa wangu, na pole sana. Sikucheki. Mtu anayeendesha hadi Bagamoyo na kurudi kisha Jumatatu anashika zamu, namwamkia mimi.

Kilichonisimamisha kwenye barua yako ni fundi wako wa Kibaoni. Siti mbele hadi mwisho wa reli. Shingo fupi. Utepe mnene. Yule bwana alikuwa anakuambia jambo kwa spana, akashindwa kulisema kwa mdomo: ile baiskeli haikuwa yako. Ilikuwa ya yule Mholanzi mpaka siku ilipoibwa. Saizi 56 kwa watengenezaji wengi wanampa mtu wa sentimita 175 na kuendelea. Wewe wa 162 ulikuwa umevaa kiatu cha kaka yako na kukijazia magazeti mbele.

Vidole kufa ganzi na shingo kuuma si mchezo. Usukani ukiwa mbali, mwili unajinyoosha kuufuata, uzito unahamia viganjani, na wewe muuguzi unajua vizuri kuliko mimi mshipa gani unapita pale kwenye kiganja upande wa kidole kidogo. Shingo nayo inalazimika kuinama kinyume ili macho yaone barabara. Na kusogeza siti mbele kulipunguza umbali wa usukani lakini kulihamisha magoti, yakawa mbele mno ya pedeli. Fundi alitatua tatizo moja kwa kuzalisha lingine, na hakuwa na namna. Fremu haipunguzwi.

Kwa hiyo ukiniuliza ipi inafanana na ile, jibu langu ni kwamba usiitafute. Pole ya wizi nakupa, lakini ya kuikosa ile baiskeli sikupi.

Tuanze na mwili. Simama ukutani bila viatu, bana kitabu kigumu kati ya mapaja hadi juu kabisa, mtu apige alama ukutani usawa wa mgongo wa kitabu. Pima kutoka sakafuni hadi hapo, kisha zidisha kwa 0.883. Ukipata 74, jibu ni 65.3, na hizo ndizo sentimita kutoka katikati ya mhimili wa pedeli (ule unaopita kwenye fremu chini) hadi juu ya siti, ukifuata nguzo ya siti. Kanuni hii ni ya zamani na si msahafu, utapandisha au kushusha kidogo kulingana na viatu na kiuno chako, lakini inakuweka mahali pa kuanzia. Urefu wa siti unarekebishika. Umbali wa usukani ndio unaoamuliwa na fremu, na hapo ndipo watu wanapouziwa mbuzi kwenye gunia. Usiamini namba iliyobandikwa. 54 ya kiwanda kimoja ni 52 ya kingine, kwa sababu kila mmoja anapima bomba analotaka. Njia ya haki ni kuangalia vipimo viwili ambavyo watengenezaji wengi huvitoa kwenye majedwali yao: kutoka katikati ya mhimili wa pedeli kwenda juu hadi mdomo wa bomba la usukani, na kutoka hapo hapo kwenda mbele hadi usawa wa mdomo huo. Hivyo viwili havidanganyi, kwa sababu havijali bomba la siti lina urefu gani.

Sasa hiyo ya Japani imeandikwa 480. Hizo ni milimita, yaani sentimita 48. Soko la Japani lina saizi ndogo nyingi, na kwa sisi wenye miili ya wastani hiyo ni bahati ambayo hatuisemi vya kutosha. Mitumba mingi ya Ulaya inakuja ikiwa imetoka chini ya watu wa mita moja na themanini na kitu. Umeniandikia mwenyewe, tena kwa kupitia tu: "Nilikaa vizuri." Halafu ukaona aibu. Mpwa wangu, aibu hiyo nani kakupa? Baiskeli iliyo sawa na mwili wako lazima ionekane ndogo machoni pa mtu aliyezoea 56.

Wenzako wa kikundi nawaelewa. Tangu mashindano ya dunia ya barabara yafike Kigali Septemba 2025, mara ya kwanza Afrika, kila mtu ameona yule bingwa Pogačar akipanda vilima vya Kigali, na kila mtu anataka kaboni. Waambie hata hao wa mashindano wamewekewa kiwango: baiskeli hairuhusiwi kuwa chini ya kilo 6.8. Tofauti kati ya hiyo ya kaboni na hiyo ya kijani labda ni kilo moja na nusu, na barabara ya Bagamoyo si mlima. Chupa zako mbili za maji zinakaribia uzito huo. Kinachokuchelewesha wewe ukitoka Mapinga ni upepo wa mbele na vidole vilivyokufa ganzi.

Kaboni yenyewe ni nzuri, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na muuzaji anayekataa fundi. Aluminiamu ikigongwa inabonyea na unaona. Kaboni inaweza kupasuka tabaka za ndani huku rangi ya nje ikitabasamu. Baiskeli ya mtumba imesafiri kwenye kontena ikiwa imelaliwa na nyingine, na huko ilikotoka hujui ilianguka mara ngapi. Anayejua anaikagua kwa tochi pale fremu inaposhika mhimili wa pedeli, kichwani, miguuni pa foku, na pale klempu ya siti inapobana. Anagonga taratibu kwa sarafu na kusikiliza mahali mlio unapobadilika kutoka mkavu na kuwa mzito. Hilo linahitaji nafasi na muda, na foku ya kaboni ikikatika ukiwa kwenye mteremko hakuna mtu wa kumlaumu. Muuzaji ambaye foleni yake haimruhusu mteja kukagua, mwachie foleni yake. Isitoshe saizi 54 bado ni kubwa kwako, na gia za mbele za baiskeli ya resi ya namna ile zinaweza kuwa za meno 53 na 39, ambazo ukipandisha Pugu kwenda Kisarawe utazikumbuka. Na laki saba za juu unazitoa kikoba. Riba ya kikoba tunaijua. Baiskeli ya starehe hainunuliwi kwa mkopo wa kikoba, na hapo sitabishana.

Ile mpya ya dukani inayong'aa naipitia haraka. Gia 7 nyuma kwenye baiskeli ya namna hiyo mara nyingi ni frihili, yaani kifurushi cha gia kinachofungwa kwa nyuzi kama skrubu kwenye haba, kitovu cha gurudumu. Gololi za upande wa kulia zinakaa ndani sana, ekseli inabaki imening'inia bila msaada, na kwa mtu anayekanyaga kilomita kama zako inapinda. Ikipinda, gurudumu linayumba, na ukibadilisha ekseli itapinda tena. Breki za diski zisikutishe wala zisikuvutie. Zikiwa za waya ni sawa, fundi yeyote anazimudu. Zikiwa za mafuta uliza mapema ni mafuta gani, kwa sababu Shimano wanatumia ya madini na mifumo mingine inatumia yale ya DOT kama ya gari, na ukichanganya, raba za ndani zinavimba na breki imekwisha. Muulize muuzaji wa duka kama anayo chupa ya mafuta hayo kwenye rafu. Na "saizi moja inamfaa kila mtu" ni sentensi ya kumwambia mtu anayenunua mwavuli.

Kwa hiyo turudi Mwenge kwenye ya kijani. Siiungi mkono mpaka ikaguliwe ukaguzi wa kweli, na fundi wa Kibaoni aende nawe. Mpe hela ya nauli na ya soda, ni gharama ndogo kuliko zote utakazoingia.

Mwombe kwanza alegeze klempu ya siti na kuizungusha nguzo. Ikigoma, simameni hapo hapo. Hewa ya chumvi ya pwani yetu inashikamanisha nguzo ya aluminiamu na fremu kiasi kwamba hata gesi haisaidii, na baiskeli ambayo siti yake haipandi haishuki haina maana kwako hata wakikupa bure. Kisha mkaangalie chini ya kichwa cha fremu, pale bomba kubwa linapoungana nacho. Rangi ikiwa imejikunja mikunjo midogo au kuna ufa wa unywele, baiskeli iligonga kitu uso kwa uso. Hapo pia mnaondoka. Rangi iliyopauka haina shida, jua tu.

Rimu ni jambo kubwa kwenye breki za kubana. Pitisha kidole ukutani mwa rimu pale raba inapogusa. Ikiwa bapa ni nzima. Ikiwa imechimbika kama bakuli, imeliwa na mchanga na breki, na siku moja itafunguka kwa mshindo tairi likiwa na upepo. Rimu nyingi zina kijitundu au mfereji mdogo wa alama, na ukiwa umefutika umri wake umekwisha. Bonyeza breki ya mbele uisukume baiskeli mbele na nyuma usikilize kama kichwa kinagonga. Shika kranki, ile mikono ya pedeli, uzitikise kwa upande uone kama zinacheza.

Cheni pimeni kwa rula. Kutoka pini moja, hesabuni vipande 24, katikati ya pini hadi katikati ya pini. Mpya inasoma milimita 304.8. Ikifika 306 na ushee, badilisha cheni. Ikifika 308, gia za nyuma nazo zimeliwa, na hiyo ni sababu nzuri ya kumpunguzia muuzaji bei mbele ya macho yake. Waya zenye kutu zisikuogopeshe hata kidogo, ni kitu cha kwanza kubadilishwa na ni rahisi. Ninapenda kuziona, kwa kweli, kwa sababu zinawafukuza wanunuzi wengine.

Sora ya gia 9 si ya kuonea aibu. Cheni ya 9 ni nene kidogo na ina bei ya kibinadamu, waya zake ni za kawaida, na inavumilia fundi asiye na vifaa maalumu. Mitindo ya 11 na 12 inataka usahihi ambao vumbi la Boko halikupi. Na ile 50 na 34 ya mbele ndiyo unayotaka. Jambo moja tu kwa siku zijazo: ikiwa mtu atakushawishi uchanganye vipande vya gia za Shimano vya vizazi tofauti, mwambie akuonyeshe namba za mfano. Tiagra 4600 na 4700, gia nyingine za Shimano, zote ni gia 10, lakini zinavuta waya kwa kiwango tofauti, na zikichanganywa gia zinaruka.

Tairi. Baiskeli za breki za kubana za miaka ile mara nyingi zinakubali tairi la milimita 25, nyingine 28. Mwambie fundi apime nafasi iliyobaki kati ya tairi na breki. Ikiruhusu 28 weka 28, uipe upepo wa PSI 70 hivi kwa uzito wako kama si mkubwa, na achana na wale wanaojaza 110 mpaka meno yanagongana. Upande wa barabara ya Bagamoyo una mchanga na vioo, na tairi pana lenye upepo wa wastani linakwenda vizuri kuliko jembamba gumu. Vali zake zitakuwa zile nyembamba. Nunua kile kiunganishi kidogo cha shaba ili hata pampu ya kituo cha mafuta ikufae siku ya shida.

Angalia pia breki ipi iko mkono upi. Baiskeli ya Japani kwa kawaida mkono wa kulia ni breki ya mbele, za Ulaya bara nyingi ni wa kushoto. Kama ya yule Mholanzi ilikuwa ya kushoto, mkono wako umezoea hivyo, na siku dereva wa daladala atakapokukatia mbele hutakuwa na muda wa kukumbuka. Kwa kuwa waya zinabadilishwa zote, mwambie fundi azipange vile mkono wako unavyojua. Na mikono yako kama ni midogo, vishikio vingi vya breki vina skrubu ya kuvisogeza karibu na usukani. Usukani wenyewe usizidi upana wa mabega yako. Kwa mtu wa umbo lako sentimita 38 au 40 inatosha. Usitafute "baiskeli ya kike" dukani. Vitu hivi vitatu, pamoja na siti inayolingana na mifupa yako ya kukalia, ndivyo vinavyofanya kazi ambayo rangi ya waridi haifanyi.

Hesabu inakwenda hivi. Muuzaji wa Mwenge anataka laki nane. Akiona fundi na rula, tutegemee laki saba na nusu. Weka laki mbili za waya, cheni, utepe, tairi na mkono wa fundi. Zinabaki laki mbili na nusu za kwako mwenyewe bila kugusa kikoba, na hizo nataka ziende kwenye kufuli la chuma lenye umbo la U, taa nzuri mbili, na shingo ya usukani kama itahitajika. Kufuli la waya lilikatwa kwa koleo, labda kwa sekunde. La U linafungwa likishika fremu na gurudumu la nyuma pamoja kwenye chuma kisichong'oka. Lakini usiku hata hilo silikubali ngazini. Baiskeli ya kilo tisa au kumi inalala ndani, ukutani nyuma ya mlango. Kazini omba nafasi stoo, muuguzi mkuu hawezi kukunyima kona.

Kama unatumia Strava, ile programu ya simu ya kurekodi safari, ficha mahali unapoanzia na unapomalizia, ipo sehemu ya kufanya hivyo kwenye mipangilio. Ramani zako za kila Jumamosi zinaanzia mlangoni kwako, na picha ya baiskeli iko hapo hapo.

Siku ukinunua, igeuze. Namba ya fremu kwa kawaida imechongwa chini, pale mhimili wa pedeli unapopita. Ipige picha, mwombe muuzaji aiandike kwenye risiti pamoja na jina lake na simu yake. Zile stika za Kijapani utakazoziona ni za usajili wao wa kuzuia wizi, kila baiskeli kule inatakiwa kusajiliwa, kwa hiyo kuwepo kwake peke yake si dalili mbaya. Na kwa ile iliyoibwa bado hujachelewa: mtafute yule Mholanzi, huenda ana risiti au picha yenye namba. Ukiipata, rudi kituoni uiongeze kwenye RB yako.

Hapo ndipo ninapofika kwa bwana wa laki nne. Usiende stendi. Mwombe kwa ujumbe picha ya namba ya fremu na ya risiti. Akileta hadithi, peleka mazungumzo hayo kwa mpelelezi aliyeshika faili lako na uwaachie wao mpango wa kukutana. Huenda ni yako kweli, na unatamani kuikomboa kwa laki nne yaishe. Huenda ni ya muuguzi mwingine wa Mbagala. Huenda hakuna baiskeli, kuna hela yako taslimu na giza. Kupokea mali ya wizi huku unajua ni kosa la jinai, na mwenye mali akijitokeza anaichukua na wewe unabaki bila baiskeli na bila hela.

Mkwe wangu nisimsahau. Hajasema anachukia baiskeli. Amesema hapati usingizi. Hilo ni jambo la taa na la simu, na pikipiki halilitibu. Nunua taa ya nyuma inayoonekana mbali, washa ushirikishaji wa mahali ulipo kwenye simu yako akuone ukitembea hadi Bagamoyo, na mpeleke Mwenge siku ya kukagua, ashike yeye ile rula. Akishahesabu vipande 24 vya cheni mbele ya muuzaji, utaona kama atataja pikipiki tena.

Kuhusu rangi ya ajabu, usipake. Kupaka kunaficha nyufa ambazo wewe mwenyewe unatakiwa kuziona ukiosha baiskeli, na siku ukitaka kuiuza mnunuzi mwenye akili atajiuliza unaficha nini. Kijani kilichopauka kinatosha. Bandika stika mbili tatu za kikundi chenu mahali pa wazi, na nyingine yenye jina lako na simu ndani ya nguzo ya siti. Fundi wa Kibaoni atakuonyesha inavyoingia.

Mjomba